Radhi Uliyoondoka Nayo, Mjomba

Mjomba Mbwana,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu huamkiana, lakini ulinilea kwa shikamoo na siwezi kuanza kukusema kabla sijakuamkia. Maana leo nitakusema, Mjomba. Ukiwa hai hukunipa nafasi, na sasa huwezi kuinuka kitini ukatoka nje kama ulivyozoea neno likikuchoma.

Nakuandikia kutoka Korogwe ya zamani, kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu na mto. Hitima ya arobaini yako tuliisoma juzi Alhamisi, kijijini. Leo Jumamosi. Kesho asubuhi napanda basi kurudi Dar es Salaam, chuoni, na nusura nisirudi. Wazee walikaa wakataka kunizuia, na kamba waliyotaka kunifungia ni yako wewe. Radhi. Walisema umekufa nayo mkononi, hukuniachia. Na kweli hukuniachia.

Tuanze na siku ile ya mkutano, kwa sababu wewe uliisimulia kwa kila mtu kwa namna yako, na mimi sikupata kuisimulia kwa namna yangu.

Ulikuwa mwenyekiti, kofia ya kufuma kichwani, daftari mapajani. Ukakohoa mara mbili ukasema, "Ajenda ni moja tu." Halafu zikaja tisa, kama kawaida yako. Ya tano ilikuwa mimi. Ukawatangazia watu kwamba Zaituni, binti wa dada yako, amemaliza kidato cha nne, atasomea ualimu hapa hapa karibu, na akihitimu atarudi kufundisha watoto wa kijiji. Watu wakapiga makofi. Hukuwa umeniuliza. Barua ya kuitwa chuo cha ufundi wa maji Dar es Salaam ilikuwa kwenye mkoba wangu wiki nzima. Ulikuwa umeisoma, ukanirudishia kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu. "Mwanamke na mabomba, wapi na wapi?" Ndivyo ulivyosema, na ukadhani umemaliza.

Nikasimama. Msichana wa miaka kumi na tisa, katikati ya wazee, nikasimama nikasema siendi ualimu. Nikasema, "Mwenyekiti, ulitutoa kwenye mashamba yetu ukatuhamishia hapa, ukatuambia maji yatawafuata watu. Huu mwaka wa ngapi? Hayajamfuata mtu. Basi acha mimi niyafuate."

Mtume! Mama alijifunika uso kwa khanga. Kuna mtu nyuma alitaka kucheka akajifanya anapiga chafya. Wewe hukupandisha sauti hata kidogo. Ulifunga daftari, ukasema mkutano umeahirishwa, na ajenda nne zilikuwa bado.

Nyumbani uliniambia maneno machache tu. "Nenda. Radhi yangu haina nauli ya kwenda Dar es Salaam." Asubuhi ya safari nilisimama mlangoni kwako nikasema shikamoo. Nikasema tena. Nikasema mara ya tatu, na sanduku limeshanichosha mkono, na nilikuwa nakusikia ndani unapumua. Hukuitikia. Mtu humnyima mpwawe chakula, humnyima fedha, lakini marahaba, Mjomba? Marahaba inagharimu nini?

Na wewe ndiye uliyekuwa na neno juu yangu. Baba mwenyewe, kabla hajahamia kwa mke wake mwingine, alikuwa akiulizwa jambo langu anasema, "Mwulizeni mjomba wake." Ndivyo tulivyo Wazigua, mtoto ni wa upande wa mama, na upande wa mama ulikuwa wewe. Kwa hiyo niliondoka nikijua nimeondoka bila kitu gani. Sikuwa mjinga.

Nikwambie wazi: neno nililosema silirudishi. Unajua Mama ana upara mdogo hapa utosini? Debe ndilo lililoula huo utosi. Kiangazi lambo likikauka anatoka kabla hakujapambazuka, anakwenda kuchimba mchangani kwenye mto mkavu, anasubiri maji yajikusanye kata kwa kata, na akirudi jua limekwisha kuwa kali. Wewe ulikuwa unayanywa hayo maji. Ukiyapata mtungini ya baridi unasema alhamdulillahi. Nilipokosea mimi ni mahali, si neno. Labda ningekwambia jikoni, wewe na mimi. Lakini jikoni ungenisikia? Thubutu. Ungesema chumvi haijakolea.

Sasa nikupe habari za huo mji ulionitisha nao.

Ulisema mji utanila. Haukunila, ila ulijaribu, na nakiri ulijaribu kwa nguvu. Chuo kina bweni la wavulana tu. Wasichana tuko wawili darasa zima, mwenzangu kwao ni Dar anakwenda kulala kwa mama yake, mimi nikaambiwa nitafute chumba. Nikapata Magomeni, chumba cha uani, kinatosha kitanda na mimi nikikaa juu ya kitanda. Posho ya serikali ipo, lakini hutembea kwa mguu kutoka wizarani. Ikifika, mwenye nyumba ameshapita mlangoni mara mbili kuniuliza kama nimeamka salama. Anayeniuliza saa tisa mchana kama nimeamka salama, huyo anataka kodi.

Na kila kitu kinauzwa, Mjomba! Maji ya bomba unayachota kwa debe na unalipa debe. Mkaa unauzwa kwa kopo. Ndimu moja, ambayo nyumbani mtoto anaipiga teke, inauzwa. Siku ya pili nilikwenda kwa jirani kuazima moto, kama tunavyofanya, nina kigae changu mkononi nichukue kaa moja. Yule mama alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Na mkaa wangu utarudisha lini?" Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikarudi na kigae kitupu, nikala ndizi.

Chuoni nako wanataka bikari, rula ya chuma, karatasi kubwa za kuchorea, viatu vya kazi. Mwezi wa pili nilinunua bikari, nikala uji wiki mbili. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya wavulana kwamba ramani yangu ni safi kuliko zote, ila anasikitika itaishia jikoni. Nikamjibu jikoni ndiko maji yanakotumika, mwalimu. Wavulana wakapiga meza. Unaona? Mdomo ule ule. Ulinilea mimi, mdomo huu hukuuweza.

Lakini kuna siku mji uliniweza kabisa, na nikwambie hii ucheke, maana ungecheka.

Posho ilichelewa, sina kitu. Natoka chuoni kwa miguu napita bonde la Msimbazi, naona matembele yametambaa kando ya mfereji, na mchicha mnene hivi, umeota. Mvua ilikuwa imenyesha. Mimi ni mtu wa Handeni. Kwetu mvua ikinyesha mlenda na mchunga huota mpaka uani kwa mtu, na anayepita anachuma, hata kwenye shamba la jirani anachuma, mwenye shamba anamwambia chuma na ule upande wa pili. Mboga iliyoota ni ya Mungu. Nani aliwahi kuuza mlenda? Basi nikafungua upande wa khanga, nikachuma kwa raha zangu, na kuimba naimba. Nilichuma mpaka khanga ikajaa.

Nainua macho, mbele yangu amesimama mwanamke mfupi mnene, jembe begani. Alinishika mkono akanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, na mboga zangu kwenye khanga, watoto wanafuata nyuma wanaimba mwizi, mwizi. Vilikuwa vitalu vyake. Vya kupanda, vya kumwagilia kwa kopo asubuhi na jioni, vya kuuza sokoni. Mimi mpwa wa mwenyekiti, msomi wa kidato cha nne, nimekamatwa na mchicha wa wizi.

Balozi, Mzee Kondo, aliniuliza nina la kusema. Nikasema ninalo. Nikasema sikujua kama mchicha una mwenyewe, na mji wowote ambao majani ya mvua yana mwenyewe ni mji wenye matatizo makubwa kuliko mimi. Watu wakaguna. Mzee Kondo akauliza huyu mwenye mdomo namna hii katoka wapi. Nikasema Handeni, Mzigua, na nikainua kidevu, maana nilishaona nimekwisha.

Yule mwanamke akaliangusha jembe. Akapiga makofi. "Mzigua! Mwizi wangu Mzigua! Mzee Kondo, kesi imekufa, huyu ni mtumwa wangu!" Kumbe Mnyamwezi. Kumbe Bi Kalunde, wa Tabora. Unajua mwenyewe utani wetu na Wanyamwezi, tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na misafara na mizigo kichwani. Mtani hashitakiwi kwa mboga. Mtani anachukua, na anatukanwa kwa kuchukua, na mambo yanaishia hapo. Akanitukana mpaka nyumbani kwake. Alisema ukoo wetu mzima huiba hata sanda. Halafu akaupika ule ule mchicha, na ugali, tukala.

Kesho yake nilikwenda kumpalilia. Nikaona anavyoteseka na lile kopo, anainama mtoni, anapanda, anainama. Nikachukua pima maji ya chuo, kamba na vigingi, nikampimia mteremko kama tulivyofundishwa wiki ile ile, nikamchimbia mfereji mdogo kutoka juu. Jumapili mbili tu. Siku maji yalipoingia yenyewe kwenye kitalu cha kwanza, Bi Kalunde alikaa chini. Alikaa tu kwenye tope akiyatazama. Halafu akasema, "Mtumwa wangu, huo upande wa kule ni wako." Tangu hapo nina vitalu vinne. Nakula vyangu, nauza vyangu, mwenye nyumba ananiamkia asubuhi kama watu wengine. Umesikia, Mjomba? Mji ule wa gharama nimeushika kwa mchicha.

Nilitaka kukuandikia hilo. Mara mbili nilianza barua. Nikasema ngoja, likizo nitamweleza mwenyewe, nione atakavyobana midomo asicheke. Nilijipa muda kana kwamba muda ni wangu.

Simu ya maandishi ya msiba ilikaa ofisini kwa karani wa chuo siku tisa. Siku tisa umelala ardhini na mimi najua uko barazani unagombana na redio. Nilipoipata ulikwisha zikwa, na mtihani wa nusu mwaka ulikuwa unaanza kesho yake. Ningeweza kuja. Sitakudanganya, ningeweza, Bi Kalunde alishatoa nauli. Sikuja. Nilifanya mtihani. Nililia kwenye karatasi ya hesabu mpaka msimamizi akaniletea nyingine, na hiyo nayo nikaimaliza. Kijijini wamesema nina roho ya jiwe. Waache waseme. Nisingekukuta, Mjomba. Ningekuta udongo, na mtihani ningeukosa, na wewe ungepata kusema uliniambia.

Nikaja kwa arobaini. Bi Kalunde akafunga khanga zake mbili akasema msiba wa Mzigua haumpiti. Tukapanda basi, likaharibika Kabuku, tukakaa pale saa nne tunakula mahindi ya kuchoma, na njia nzima ananiuliza habari zako. Alikuwa anasemaje? Anatembeaje? Anakohoaje? Mimi namwigizia, nacheka, nalia, naigiza tena. Sikujua anakusanya.

Kisomo kilikuwa kizuri. Watu walijaa mpaka nje ya uwanja. Nyama ilitosha. Mama amekonda, lakini alisimamia masufuria yote mwenyewe, hakukubali kuketi.

Baada ya chakula Mzee Hoza akaniita mbele ya wazee, mikekani. Kiti chako cha uenyekiti anakikalia yeye sasa, na amekwisha kijulia. Aliongea vizuri, sisemi uongo. Alisema shule ya kijiji ina mwalimu mmoja na watoto hawana idadi, kila mtoto sasa lazima asome. Alisema kijiji kilinisamehe jembe la shamba la ujamaa miaka yote minne niliyokuwa sekondari. Kweli. Halafu akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mjomba wako amekufa hajakuwia radhi. Utasomaje hayo maji yako bila radhi, mwanangu? Kaa nyumbani. Fundisha watoto. Tumwombee marehemu, huenda atakuwia radhi huko aliko." Na wazee wakaitikia, ndiyo, ndiyo, kama kwenye dua.

Niliogopa. Nakwambia wewe kwa sababu hutamwambia mtu. Mdomo wangu wote uliisha. Kwa sababu mimi pia, Mjomba, mimi pia nilikuwa naiwaza. Nilipougua malaria Magomeni, nimelala peke yangu natetemeka, niliwaza ni ile. Bikari ilipovunjika niliwaza ni ile. Mtu anaweza kuwa jeuri mchana kutwa na bado akaogopa radhi ya aliyembeba. Na wewe ulinibeba. Siku ya kwanza ya sekondari, hapa hapa Korogwe, ulitoka stesheni mpaka shuleni na sanduku langu la bati kichwani. Mwanamume mzima, mwenyekiti, na sanduku kichwani kama mwanamke, watu wa sokoni wanakucheka. Nilikwambia tupokezane, ukasema mzigo wa mtoto hauna aibu. Mtu yule, halafu mtu aliyekaa kimya nyuma ya mlango. Sijui niwaunganishe vipi. Nimeshindwa.

Basi nimesimama pale, mara nasikia kikohozi. Mara mbili. Kikohozi chako.

Watu wote waligeuka. Kwenye mlango wako ametokea Bi Kalunde. Kofia yako kichwani, bakora yako mkononi, koti lako la baraza linamfika magotini. Anatembea ule mwendo wako, kifua mbele, mguu wa kushoto unachelewa kidogo. Akaja mpaka katikati ya mikeka, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Ajenda ni moja tu."

Mjomba, wanawake walianguka. Nasema walianguka, mmoja juu ya mwingine.

Akaendelea, sauti nzito. Akasema amechelewa kufika kwenye arobaini yake mwenyewe kwa sababu barabara ya huku ni mbovu na njia nzima hakupata maji ya kunywa. Akasema, "Huyu mtoto nilimnyima radhi kwa sababu alisema kweli hadharani, na mimi kweli nilitaka niambiwe chumbani, tena kwa kunong'ona, tena nimekwisha kula. Sasa huku niliko hakuna mkutano wala makofi, hiyo aibu nitamwonea nani? Radhi nimetoa. Anayepinga anyooshe mkono, na akinyoosha nitakuja kumchukua."

Mzee Hoza uso ukamwiva. "Mama, radhi si jambo la mzaha," akasema, na alisema kwa ukali, na hapo ndipo alipojimaliza. Kwa sababu msibani mtani hakasirikiwi. Wazee wote wanajua, watoto wanajua. Anayemkasirikia mtani kwenye msiba anatozwa. Bi Kalunde alirusha bakora juu. "Amekasirika! Amekasirika! Jogoo!" Na wanawake wote, wale waliokuwa wanaitikia mioyoni siku zote kwa sababu hakuna anayewauliza, wakapokea: "Jogoo! Jogoo!" Vigelegele mpaka kuku wenyewe wakakimbia. Mzee Hoza akatazama huku, akatazama kule, akitafuta mtu wa upande wake, na wale wazee walikuwa wameinamisha vichwa mabega yanatetemeka. Akalipa. Alikwenda bandani kwake akaleta jogoo mwekundu, na alipomkabidhi na yeye akashindwa, akacheka.

Hapo nikapata mdomo wangu. Sikusema mengi. Nikasema najua kijiji kilinisamehe jembe, na sikatai, nitalirudisha. Lakini nitalirudisha kwa kazi ninayoiweza mimi, siyo kwa kazi niliyopangiwa nikiwa nimekaa kimya. Nikasema watoto wa shule ile wanaingia darasani saa nne kwa sababu asubuhi wako lamboni na mama zao, hata mkileta walimu kumi. Mzee Hoza alisema tu, "Umerithi mdomo wa marehemu," na akasema tufunge kikao.

Mama alikuwa amekaa chini karibu na masufuria, anacheka, machozi yanamtoka, halafu kicheko kikageuka akalia kweli. Siku arobaini alikuwa hajalia, wameniambia. Alimlilia ndugu yake pale, na mimi nimemshika, na Bi Kalunde na kofia yako amekaa upande wa pili amemshika pia. Alipotulia akasema, "Mbwana mwenyewe angetozwa jogoo wawili." Kisha akainuka akaenda kunifungia mkoba wangu wa safari.

Nilimwuliza, Mjomba. Asubuhi, tukiwa wawili tu. Nilimwuliza kama ulinitaja kabla hujafa. Wengine wangesema ndiyo, alikutaja, alisema mwambieni Zaituni hivi na hivi. Mama hadanganyi. Alisema hukunitaja. Homa ilikushika siku nne, ulitaja maji, ulitaja daftari, ulimtaja mama yenu. Mimi hukunitaja.

Haya.

Iliniuma. Nimetoka nayo kijijini mpaka hapa Korogwe inaniuma, na Bi Kalunde kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania. Sasa yuko ndani na kaka yake, huyu mwenye baraza, aliyekuja kukata mkonge hapa tangu ujana wake, wanasema Kinyamwezi na kucheka, na jogoo wa Mzee Hoza amefungwa mguu hapa karibu yangu ananitazama.

Radhi ya mtani inatosha kwa wazee. Kwangu mimi haitoshi, na wewe unajua haitoshi, maana Bi Kalunde si wewe hata avae makoti yako yote. Kwa hiyo nimekaa hapa nikafikiri nifanyeje. Nikuombe? Nimekuomba mlangoni mara tatu nikiwa na sanduku mkononi. Siombi ya nne.

Nitafanya hivi. Wazee wote walizungumza juu ya radhi yako kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya radhi yangu kwako. Kana kwamba mkubwa hakosi. Umenikosea, Mjomba Mbwana. Ulinigawa mkutanoni kama gunia la mbolea ya kijiji. Ulinyamaza nyuma ya mlango. Ukafa kwa siku nne tu, wewe mtu wa ajenda tisa, ukashindwa kuniweka hata kwenye moja. Nami leo, mpwa wako, nikiwa na akili zangu na bila kumwazima mtani, nimekuwia radhi. Kwa yote. Nimekuwia radhi kabisa, sikudai, lala.

Na ahadi yangu ni hii, siyo kubwa. Nitamaliza chuo. Mwaka ujao tunafundishwa pampu na visima virefu. Nikihitimu serikali itanipeleka inakotaka, nami nitaomba Handeni. Wakinipeleka Kigoma nitafanya kazi Kigoma vizuri na nitaomba Handeni tena, na tena, mpaka wachoke na mwandiko wangu. Mama akiwa bado ana shingo, nitalitua debe lile. Mama akiwa hayupo, kuna watoto wa wenzake.

Kwa heri, Mjomba. Nakupenda, na bado sijakubaliana nawe. Ile radhi yako kama unayo, kaa nayo mpaka utakapokuwa tayari, siisubiri tena mlangoni. Mimi nina darasa Jumatatu saa mbili.

Mpwa wako,
Zaituni